Aliyeingia Jumanne

Kosa langu la kwanza katika kazi ya saiba, duka la intaneti, lilikuwa kujiwekea maneno ya siri ya watu. Mwaka wa 2007, wateja wetu wengi pale Nakuru hawakuwa wamewahi kumiliki barua pepe. Niliwafungulia mimi, nikawachagulia neno la siri, nikaliandika katika daftari langu. Kila Jumanne asubuhi niliingia katika akaunti hizo moja baada ya nyingine, kuhakikisha hakuna mwizi aliyegusa kitu na kwamba hazifungwi kwa kukaa bure. Kila niliyoimaliza niliitilia alama ya vema. Hakuna aliyenituma. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, na niliishi kwa hofu ya kugunduliwa kwamba sijui.

Vurugu za uchaguzi zilipotufikia Januari iliyofuata, mmoja wa wateja hao, kijana wa rika langu, alikuwa Naivasha akitafuta kazi kwenye mashamba ya maua. Hakurudi. Simu yake ilizimika. Mamake, muuza sukuma wiki sokoni, alizunguka kambi na mochari hadi akakosa pa kwenda.

Mwezi wa nane alikuja saiba, siku ya Alhamisi. Alikuwa amesikia kwamba barua pepe sasa inaonyesha ni lini mtu aliingia mara ya mwisho. Ilikuwa kweli, mstari mdogo ulikuwa umeongezwa chini ya ukurasa.

"Nifungulie ya kijana yangu," akasema. "Nione tu."

Nilisoma rekodi ya juu, nikaropoka kabla ya kufikiri. "Mathe, ameingia! Juzi, Jumanne! Na hiyo namba ya mtandao alioutumia ni ya hapa kwetu!"

Alishika meza kwa mikono miwili. "Alikuja mpaka hapa na hakunisalimia?"

"Mathe, pika chapati!" mteja mmoja akamwambia.

"Nitamchapa kwanza. Chapati baadaye."

Alitoka akicheka na kulia. Ndipo niliposoma mistari ya chini. Jumanne. Jumanne. Jumanne. Saa ile ile, namba ile ile. Aliyekuwa akiingia ni mimi.

Ningemkimbilia, ningemfikia kabla hajavuka barabara. Sikuinuka. Nilijiambia nahakikisha kwanza, nikalinganisha na alama za daftarini, ingawa jibu nilikuwa nalo. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Blanketi za kijana wake zilikuwa kwenye kamba, zimetoka kufuliwa, zinadondosha maji. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Na zile siku zingine?" akauliza. "Si umesema rekodi inaonyesha siku nyingi?"

"Zote ni mimi, mathe."

Hakunitukana. Alianza kuzitoa blanketi kambani, moja moja, akizikunja zikiwa bado mbichi.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema. "Nimeshaambia soko lote."

Nilishika ncha moja ya blanketi, akaivuta polepole kutoka mkononi mwangu.

Kijana hajapatikana hadi leo. Daftari nililichoma wiki hiyo. Sasa mteja huandika neno lake la siri mwenyewe, mimi nikiwa nimegeuka. Rekodi za kuingia bado nawasomea wanaoniomba, lakini huanza kwa kujitafuta mimi, na sitamki neno kabla ya kufika mstari wa mwisho.