Nazi za Hitima ya Bi Wadha

Siku ya tatu ya msiba, Ghaliya alitoka nje kumwaga mashapo ya kahawa, akaikuta mbuzi ya mama yake juu ya pipa la taka. Ile ile ya kukunia nazi, kibao kimeng'aa kwa kukaliwa, meno ya chuma yamefunikwa mfuko wa plastiki, kama kitu cha haya.

Akaiokota, akaipangusa kwa pindo la buibui, akaingia nayo jikoni.

"Nani katupa hii?"

Ruba, mke wa kaka yake Hatem, alikuwa akipanga tende sahanini. "Wifi, imeota kutu. Na leo wanakuja wake za wakubwa wa kazini kwa Hatem."

"Na wali wa hitima?"

"Hatem keshaagizia mandi, wali wa nyama wa Kiarabu, mkahawani. Gari linaleta adhuhuri."

Mandi! Mama yao, Bi Wadha, alipokuwa kitandani hajiwezi, aliwashika mkono mmoja mmoja akawaambia: "Hitima yangu nipikieni wali wa nazi, nazi mkune kwa mbuzi yangu. Mkinitilia tui la kopo nnarudi nawachapa." Watu walicheka. Hatem alimbusu kichwani, akasema, "Hadhir, Mama," yaani itakuwa kama atakavyo. Hadhir! Na udongo wa kaburi la mama haujakauka.

Mbuzi hiyo ilitoka Wete. Bi Wadha alikuja nayo Maskati miaka ya sabini, mjane mwenye watoto wawili, kaizongea kanga kama mtoto wa tatu. Askari wa forodha alimuuliza kama ni silaha. Akamjibu kwa Kiarabu pekee alichokijua, cha chuoni, cha kwenye msahafu, na askari akacheka mpaka akashika meza.

Akapanga chumba mtaa wa Wattaya, kabla maduka ya magari hayajajipanga na vioo vyake. Kila alfajiri, kr, kr, kr. Hatem alivunja nazi na kunywa maji yake, Ghaliya alichuja tui. Vitumbua vya mwanzo walikula wao wakaenda skuli, vilivyobaki viliuzwa. Majirani walimwita Zinjibariya, yaani Mzanzibari, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kumdharau. Wote walinunua. Nyumba hii ya Ghubra, yenye mazulia asiyotaka Ruba yakanyagwe, ilianzia kwenye kibao kile.

Hakuwa mpole, asikudanganye mtu. Muuza samaki aliyempa kolekole kaoza alirudishiwa kifuani, puu! Alimnunia dada yake miaka kwa ajili ya sufuria. Lakini aliyebisha hodi na njaa alilishwa kwanza, akatukanwa baadaye.

Ghaliya aliburura gunia la nazi alilolificha chini ya ngazi. Hakukaa jikoni. Alikwenda kukaa uani, mkabala na mlango wa chumba walimokaa wageni wanawake, akaivunja nazi ya kwanza kwa mgongo wa panga, akakunjua mbuzi, akakalia.

Kr, kr, kr.

Mle ndani Kiarabu kikakatika. Ruba alichungulia, akashika mdomo, akakimbilia simu. Haukupita muda Hatem akaja kutoka kwenye sabla, ukumbi wa wageni wanaume, kilemba kimemkaa sawasawa, uso umemvimba. Akaanza kumgombeza kwa Kiarabu.

"Sema Kiswahili," Ghaliya alimkata. "Mama hakukuomba kwa Kiarabu."

"Unatutia aibu! Leo, mbele za watu? Watasemaje?"

"Watasema tumetoka Wete. Kwani hawajui? Ukifungua mdomo tu wanajua, hujamaliza hata salamu."

"Gari la mandi lishafika mlangoni."

"Waile hao wakubwa zako. Miye nnapika wa Mama. Mamako kakwambia nini, Hatem? Ukamjibu nini? Na mbuzi yake ukaitia jaani!"

"Sikuitia mimi."

"Na aliyemwachia mkeo aitie ni nani?"

Mlangoni pakasimama Bi Balqees, jirani yao wa tangu Wattaya, kajishikiza ukutani, magoti hayamsaidii.

"Jamani, nazi za wapi hizo zimenivuta?" Akamtazama Hatem juu mpaka chini. "Na weye, baba, umesimama kama mlingoti. Kazi yako ilikuwa kuvunja nazi. Au kilemba kinakuzuia?"

Wageni wawili watatu walichungulia nyuma yake. Mmoja akacheka, akajiziba kwa shela.

Hatem alitazama mlango wa barabarani, linakongojea gari la mandi. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akachutama, akachukua panga. Nazi ilipasuka vibaya, maji yakamrukia kanzuni. Hakuyapangusa. Aliinua kizio, nusu ya nazi ile, akanywa maji yaliyobaki.

Akakinyoosha kizio kwa dada yake.

Ghaliya alikipokea bila ya kumtazama. Alikuwa hajamsamehe, na hakutaka adhani amesamehewa.

"Nyengine," alisema.