Kengele ya Ngamia Iliyopandishwa na Chai

Tuliondoka Eldas kwa sababu ya simu moja. Mwamuzi wa mashindano ya sayansi alinipigia kusema mradi wa mwanafunzi wangu, Hibo, una kosa. Hibo alidai kwamba mpira uliovutwa hujikunja ukipashwa moto. "Mwalimu, kitu kikipata joto hutanuka," mwamuzi alisema. "Rekebisheni, au mtarudi mapema." Shule yetu haikuwa imewahi kupita mashindano ya kanda, Garissa, na kufika ya taifa.

"Hatubadilishi," Hibo akasema. "Tunaenda."

Asubuhi tulipanda gari dogo la Probox hadi Wajir. Hibo alipakata koor, kengele ya mbao ya ngamia aliyoazimwa na baba yake. Mkononi alishika utepe wa mpira asilia kutoka zahanati, ule wa kufungia mkono mtu akitolewa damu. Dereva akachungulia.

"Walaal, ndugu yangu, na ngamia yuko wapi? Anatolewa damu?"

"Ngamia ndiye anaendesha gari," Hibo akajibu.

Abiria wote wakacheka, dereva akiwa wa kwanza.

Habaswein, basi tulilopanda Wajir kwenda Garissa liliposimama kwa swala ya adhuhuri, nilimtaka Hibo anieleze mradi kana kwamba mimi ndiye mwamuzi. Akaanza na molekuli kama kitabu kisemavyo, nikapiga miayo makusudi. Akakasirika, akanionyesha mbuzi waliofungwa kwenye kamba moja ndefu kando ya barabara.

"Basi tazama wale! Mnyororo wa mpira ni kamba ile. Mbuzi wakitulia, unaivuta ikanyooka. Wakianza kurukaruka, wanakuvuta wewe. Joto ndilo linawarusha."

Sikupiga miayo tena.

Jioni tulifika Garissa, mtaa wa Iftin, kwa habaryar yake, yaani mama mdogo, Fardosa. "Wenzako wakitoka nyumbani huleta maziwa ya ngamia," alisema. "Wewe umeleta mpira?"

"Na kengele, habaryar."

"Mungu akupe akili, mtoto huyu!"

Siku ya mashindano, ukumbini, Hibo alining'iniza kengele kwenye utepe uliofungwa juu kwenye stendi, hadi ikagusa meza na kubana karatasi chini yake. Mwamuzi, yule yule aliyenipigia simu, akaivuta karatasi, haikutoka. Nikawasha kikausha nywele tulichobeba kwa ajili ya joto. Kikavuma kidogo, umeme ukapotea.

"Pole," mwamuzi alisema, tayari akigeukia meza ya jirani. "Tuendelee na wengine."

Hibo alinitazama, kisha akamtazama Fardosa, aliyekaa nyuma na chupa yake ya chai.

"Habaryar, nipe shaah!"

"Kunywa sasa hivi?"

"Si ya kunywa!"

Akamimina. Chai ya maziwa ikateremka kwenye utepe ikifuka mvuke, ikalowesha kengele na meza na kiatu cha mwamuzi. Kengele ikainuka. Haikuinuka sana, lakini mwamuzi alipoigusa karatasi, ilitoka bila kuvutwa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mwamuzi hakupiga makofi. Alichukua utepe wa pili wa Hibo, uliokaa juu ya paa la stoo hadi ukakauka na kuwa mgumu. "Na huu?"

Hibo akaufunga kwenye kengele, akamimina tena. Kengele haikusogea.

"Ni mpira uleule," alieleza. "Kiwandani minyororo yake ilifungwa pamoja kwa salfa, hapa na pale tu, ndiyo maana inacheza bila kuachana. Jua la Eldas limeongeza vifungo vingi mno. Hawa mbuzi wamefungwa miguu, hata ukiwachoma hawaruki."

Mwamuzi alicheka hadi akavua miwani. "Nilikosea mimi," alisema mbele ya wote. Saa ya matokeo tulitangazwa wa kwanza. Fardosa alipiga vigelegele akiwa ameinua chupa tupu.

Tulirudi Eldas na tiketi ya mashindano ya taifa. Mimi nilirudi na jambo moja zaidi: kila siku nilichora molekuli ubaoni kama vitone vilivyokaa kimya, na kumbe hazikai. Sasa somo hilo nalianzia nje, penye mbuzi.

Babake Hibo alinusa kengele yake kabla ya kumvisha ngamia. "Hibo, hii mbona inanukia iliki?"

"Aabo, ilikuwa kazini."

Baba akaifunga shingoni mwa ngamia wa mbele.