Siku Baba Alipochinja Mwenyewe

Kijijini kwetu, upande wa Kabambare, sisi tulikuwa Wakristo na jirani yetu wa karibu Mwislamu. Yeye na baba walilima pamoja pamba ya lazima ya Wabelgiji, na mke wake ndiye mkunga aliyetupokea watoto wote wa nyumba yetu. Kwetu kuku hakuchinjwa mpaka jirani aitwe. Alikuja na kisu chake, akataja jina la Mungu, akachinja, na nyumba zote mbili zikala. Hakuna aliyetuamuru. Mimi, binti mkubwa, nilidhani mambo yatakuwa hivyo siku zote. Ujinga mtupu.

Mwaka mdogo wangu alipopata komunyo ya kwanza, mama alikuwa na mimba kubwa. Uzazi wake wa mwisho ulitaka kumuua, na mkunga yule ndiye aliyemrudisha. Wote tulijua kwamba huu nao hautakuwa mwepesi.

Siku ya kuamkia sherehe, katekista alimtania baba mbele ya watu: "Mukristu gani wewe? Kuku yako inangojea mukono ya Mwislamu?" Watu wakacheka. Baba alikuwa mtu mwema, lakini kuchekwa kulimla moyo.

Asubuhi mama akamwambia, "Baba ya watoto, umwite ndugu yako."

"Leo hapana. Mimi pia niko na kisu."

"Mutoto iko karibu kutoka. Tukikosana na hawa watu, nani atanisaidia?"

"Maneno ya kuku tu hii!"

Kutoka jikoni nilimwona jirani ameketi barazani kwake, amevaa kanzu safi, kisu mapajani, anangoja kuitwa. Kuku wetu wakalia, mmoja baada ya mwingine. Hakugeuza kichwa.

Kisha baba, akidhani anamheshimu, alikusanya firigisi zote, kipande cha mzee, akazifunika kwa jani la mgomba, akanituma. Firigisi za kuku ambao yule mtu hawezi kuwala! Nilitaka kumwambia, nikaogopa. Jirani alifunua jani, akatazama, akafunika tena.

"Umwambie baba yako nimeona," alisema, akanirudishia sahani. Afadhali angetukana.

Tangu siku ile katika shamba la pamba kila mmoja alilima upande wake. Mkunga, aliyezoea kumpapasa mama tumbo kila alipotoka sokoni, sasa alisalimia akiwa njiani, hasimami. Mama alipungua uso huku tumbo likizidi. "Uende ukamuombe musamaha," alimwambia baba kila jioni. Baba akajibu kesho. Nilianza kulichukia neno hilo, na ninalichukia hata leo.

Uchungu ulianza mchana, baba akiwa shambani. Nilikimbia kwa jirani, nikaingia bila hodi. Mkunga alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliniangalia kidogo tu, akaweka mchi chini, akanifuata.

Mtoto alitanguliza miguu. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na mkunga hakuondoka magotini mwake, jasho likimtiririka, akisema, "Sukuma, dada yangu, sukuma." Niliposikia neno dada nikafikiri ugomvi umekwisha. Jua lilikuwa limeinama mtoto alipolia.

Nikamletea mkunga chakula na maji, kama ilivyopasa. Alinawa mikono, akajifunga kitenge vizuri.

"Asante, mwanangu. Nitakunywa kwetu."

Baba alikuwa amefika, amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Shemeji," alisema, "samahani..."

Mkunga alimpita akiinamisha macho, kama mtu anavyompita mgeni barabarani.

Mama alikuwa ameona yote. Alimvuta mtoto kifuani, akatazama bakuli la maji mikononi mwangu, kisha akamwangalia baba.

"Mwingine akikuja," alimwuliza, "nitamuzala mu mukono ya nani?"

Baba alivaa kofia yake, akaivua tena.