Randa na Feni Yake ya Vumbi

Mdogo wangu mtaani wanamwita Randa. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti tu. Hata mimi, dada yake wa tumbo moja, nikimuulizia kwa jina hilo pale kona, watu wananitazama kama nimepotea njia. Ni seremala. Amekuwa seremala tangu hajaota ndevu, na kama kuna kazi nyingine aliyowahi kuitamani, hakuniambia. Ni mtu mpole mwenye kichwa kigumu. Mambo hayo mawili yakikutana ndani ya mtu mmoja yanachosha kuliko ukali. Mkali unamjibu, mnamalizana. Mpole anakuambia "sawa, dada," halafu anaendelea na lile lile alilokuwa analifanya.

Karakana yake ilikuwa sebule ya mama. Baba alipofariki, Randa alihamia pale na mkewe ili kumtunza mama, akaingia na mashine zake: msumeno wa meza, mashine ya kupigia randa, na ile ya kupigia msasa, ambayo ndiyo chanzo cha vumbi lote duniani. Makochi yakatolewa, mashine zikakaa. Nyumba yenyewe imejipanga kwa mstari: mbele sebule, yaani karakana, halafu korido nyembamba, chumba cha mama kushoto, cha Randa na mkewe kulia, na mwisho kabisa jikoni, penye mlango wa kutokea uani. Naeleza mpangilio huu kwa makusudi, kwa sababu yote yaliyotupata yalipita kwenye korido ile.

Siku hizo ukienda kuwasalimia unakaribishwa chai yenye unga wa mbao juu. Unga ulikuwa kwenye shuka, kwenye sabuni, kwenye mswaki. Wifi yangu, mke wa Randa, alikuwa anafunika maji ya kunywa kwa sahani na juu ya sahani anaweka kitambaa, na bado. Nilikuwa namtania Randa kwamba siku akipasuliwa tumbo, madaktari watatoa meza nzima na viti vyake. Alicheka. Mama naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaendelea mpaka sote tukaacha kucheka.

Tukampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akatuita pembeni mimi na Randa, na hakuzungukazunguka. Alisema mapafu ya mama yamechoka, na kwamba akiendelea kuvuta hewa chafu hatutakuwa naye muda mrefu. Mimi si mtu wa kusubiri. Nikasema pale pale kwenye benchi kwamba mama anahamia kwangu, kwangu hakuna mbao wala mbawa.

Mama akakataa katakata. Alisema nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi na hatatoka kwa sababu ya vumbi. Halafu akaongeza jingine. Alisema akiwa kitandani anamsikiliza mwanawe akifanya kazi, na kwa sauti tu anajua kama ni mlango au ni kitanda, anajua mbao zimekuja mbichi, anajua hata siku ambayo mteja amemuudhi. Kwangu atasikiliza nini, redio?

Randa alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Dada, niachie. Nitaliondoa vumbi, mama abaki."

Nikaona ni kichwa kigumu kile kile. Lakini safari hii alinishangaza. Alienda kununua feni kubwa ya chuma iliyokuwa ikitoa joto kwenye kiwanda cha mikate kilichofungwa, feni ya kubebwa na watu wawili. Akanunua mabomba ya plastiki, yale manene ya maji machafu, kila mashine akaipa bomba lake, na mabomba yote akayaunganisha kwenye pipa lenye mfuniko. Maranda na vumbi zito vinaangukia ndani ya pipa. Lile jepesi linavutwa na feni na kutolewa kwa bomba lililopanda mpaka juu ya paa. Bomba ilibidi lipande, maana jirani yetu wa mbele anafua nguo za watu, na alishaapa kwamba siku atakayokuta unga wa mbao kwenye shuka zake nyeupe atakuja na askari.

Kwa kumwogopa huyo jirani, na kwa kupenda kazi safi, Randa akaziba upande wote wa mtaani. Madirisha mawili akayapigilia mbao. Nyufa akazijaza gundi aliyoikoroga na vumbi la mbao, kama mafundi wanavyoziba tundu la msumari. Mlango wa mbele akauzungushia mpira pande zote. Ukiufunga, hata sindano haipiti. Sehemu moja tu hakuiziba, nayo ni uwazi wa kuingilia korido. Pale alitundika pazia zito, basi. Nilimuuliza mbona pale hakuweka mlango, vumbi si litapita? Akasema akiweka mlango hatamsikia mama akiita.

Siku ya kuwasha alituita wote. Feni ilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Akapiga msasa meza kubwa ya mbao ngumu, nyekundu, ile ambayo zamani ingetugeuza sote rangi ya matofali. Alipomaliza nikapitisha kidole juu ya dirisha. Kidole kikarudi safi. Nikamsifu, mimi huyu ambaye sisifu ovyo, waulizeni wanaonijua. Wifi yangu alifunua maji ya kunywa akayatazama kama anayaona kwa mara ya kwanza. Mama akalikung'uta shuka lake, halikutoa kitu, akamshika Randa kichwa kwa mikono miwili akambariki. Maseremala wa mitaa ya jirani wakawa wanakuja kuangalia, na Randa anawaonyesha bomba moja moja, mtu ambaye kwa kawaida kumtoa neno ni kazi.

Basi tulitarajia mama apone. Mama akazidi kuumwa.

Kikohozi kikashuka chini zaidi. Akawa anasema kifua kinawaka, macho yanamwasha, kichwa kinamgonga, hasa mchana. Wifi alisema ni vumbi la zamani linatoka, ndivyo linavyotoka, na sisi tukakubali kwa sababu tulitaka kukubali. Daktari akabadilisha dawa, akatuuliza kama lile vumbi bado lipo. Tukamwambia, tena kwa kujivuna, hakuna hata chembe. Na kweli haikuwepo.

Randa alifanya alichoweza. Kila mama alipobanwa, aliiwasha feni, hata kama hana kazi, akaiacha ingurume kutwa ili hewa ya ndani isafike. Mama mwenyewe akaizoea. Akianza kuhema utamsikia anaita, "Baba, washa feni yako nipate hewa." Na Randa anatupa kila alichoshika, anakimbia.

Sasa sikilizeni ilivyojulikana. Siku moja mchana nimefika, wifi ameinjika maharage jikoni kwenye jiko la mkaa, mkaa wenyewe haujakolea. Randa akaniita nikaone kitu. Alikuwa na furaha ya kitoto. Akaniambia nisimame koridoni nitazame pazia, halafu akawasha feni. Lile pazia zito, ambalo mimi kulifua hunivunja mgongo, likanyanyuka lote na kuingia karakana, likasimama hewani kama limeshikwa na mtu.

"Umeona inavyovuta?" akasema.

Niliona. Lakini nilikuwa nimesimama koridoni, na moshi ulikuwa unanipita usoni, unatoka jikoni kwenda mbele. Nikakohoa. Nikamuuliza, kwa hasira ya mtu aliyeingiwa na moshi machoni, mbona moshi wa jikoni unakuja huku badala ya kutoka uani?

Alitazama pazia. Akatazama madirisha aliyoyapigilia, na mlango aliouzungushia mpira. Feni inatoa hewa nje, na hewa inayotoka lazima ipate ya kushika nafasi yake. Upande wa mtaani alikuwa ameuziba mwenyewe, kwa mikono yake, na kwa gundi. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa uani, inapita juu ya mkaa, inapita mlangoni kwa mama. Akaenda akainua pazia la chumba cha mama. Ndani kulikuwa na ukungu mwembamba wa moshi, na mama amelala ndani yake, amefumba macho.

Akazima feni. Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza namna ile.

Jioni ile ile alichukua nyundo akabomoa mbao za madirisha. Hakuzing'oa kistaarabu, alizivunja, yeye ambaye msumari uliopinda huunyoosha. Jiko la mkaa likahamia uani. Wifi alilia sana, akidhani kosa ni lake, na Randa alimwambia neno moja tu, kwamba yeye alikuwa anapika tu, kosa si lake. Tukarudi hospitali, Randa akamweleza daktari yote, hakuficha wala hakujitetea. Daktari akasema moshi wa mkaa kwa mapafu kama yale ni mbaya kuliko vumbi. Angeweza kututafutia namna laini ya kusema. Hakututafutia.

Mama alipata nafuu kidogo. Alikula, akakaa uani juani, akaulizia habari za watu. Kisha akalala tena, na safari hii tukaona wenyewe kwamba hatainuka.

Randa alitaka kumwambia. Alinifuata kwangu, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa, akasema hawezi kumwacha mama aondoke bila kujua. Nikamuuliza amwambie ili iweje. Mama apone? Au yeye apate wa kumsamehe? Maneno yangu yaliuma, najua, lakini mdomo wangu ndivyo ulivyo na sijui pa kukopa mwingine. Akasema, "Sawa, dada." Na safari hii kweli alikuwa amekubali, nikatamani angebisha.

Kilichomuumiza zaidi ni sifa. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, mama alimsimulia feni. Kwamba mwanangu alinitengenezea hewa. Kwamba tazameni shuka langu, limetulia, halina hata unga. Watu wanageuka kumpongeza Randa, na Randa anakumbuka kwamba ana kitu cha kufanya uani. Mashine hakuzigusa tena. Alikuwa anapiga randa kwa mkono chini ya paa la uani, kazi ya siku moja inamla wiki, na wateja wenye haraka wakaanza kwenda kwingine. Sikumsema. Na mimi kunyamaza ni ugonjwa, kila mtu aliona.

Mchana ule wa mwisho tulikuwa chumbani kwa mama, mimi, wifi na Randa. Chumba kile kina dirisha dogo linalotazama ukuta, kwa hiyo taa ya darini haizimwi mchana wala usiku. Mama alikuwa anavuta pumzi kwa shida, mabega yanapanda na kushuka. Tulikuwa tumemwegemeza kwenye mito. Akamtafuta Randa kwa macho.

"Baba," akasema, "washa feni yako. Nipate hewa."

Randa akainuka. Nilimsikia akitembea koridoni, nikasikia pazia likisogezwa. Madirisha ya karakana yalikuwa wazi yote, jikoni hakukuwa na hata kaa moja. Feni isingemdhuru mtu. Nilijua hilo, na yeye alilijua kuliko mimi, na hata hivyo nilikaa roho juu nikisubiri ule mngurumo. Haukuja. Alisimama kule muda, mkono kwenye swichi nadhani, ama hata hakuufikisha. Wifi akanitazama. Nikatazama sakafu.

Akarudi. Alisimama mlangoni, mikono yake mikubwa inaning'inia.

"Umeme umekatika, mama," akasema.

Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Mama akainua macho akaitazama, akaitazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma. Kisha akayarudisha kwa mwanawe, akamtazama vivyo hivyo. Sijui alielewa kiasi gani. Ninachojua ni kwamba alikuwa mwanamke aliyetambua kwa sauti ya randa tu kama mwanawe ameudhiwa.

"Basi, mwanangu," akasema. "Njoo ukae hapa. Tusubiri umeme urudi."

Randa akaja akakaa kando ya kitanda, mama akaushika mkono wake. Hakuitaja tena feni. Tukakaa naye chini ya ile taa, tukisubiri umeme, mpaka pumzi zake zikaisha.