Nilivyomeza vidonge vya kupanga uzazi vya bibi yangu

Wakuu, mambo? Naona mnabishana humu eti mwanaume hawezi kutumia dawa ya hormone. Mimi nilitumia! Hapa Nairobi, miaka ya sabini. Nikiongeza chumvi mnitoe kwa hii forum.

Nilikuwa clerk tao, tunakaa Dagoretti Corner na bibi yangu Rasoa. Alipozaa mtoto wetu wa tatu alitokwa na damu karibu afe. Daktari akasema wazi: mimba ingine itamuua.

Siku hizo clinic yetu haikuwa inampa mama vidonge bila sahihi ya bwana yake. Nikasaini kadi. Lakini dawa ikamkataa vibaya sana: kichwa, kutapika, hata chai haikai.

Basi nikasikia ofisini kuna wazungu wanajaribu hormone ya kuzuia mimba kwa wanaume. Weh! Nilifurahi mpaka kazi ikanishinda. Nikajiambia hormone ni hormone, na kadi si nimesaini mimi?

"Lete, nitakumezea."

Rasoa akacheka. "Baba Ayub, wewe ni kichwa ngumu." Lakini akanipa.

Nikameza kila asubuhi, miezi miwili. Matiti ikaanza kuuma, ikafura. Na ile hamu ya bwana na bibi ikapotea kabisa! Mimi nikaona hiyo ndiyo dalili dawa imeshika. Nilikuwa najiona mwanaume wa kwanza Kenya nzima, wacheni tu.

Pakiti zikaisha, nikaenda clinic mwenyewe. Nesi akauliza mama yuko wapi.

"Anayemeza ni mimi."

Watu kwa laini walicheka wakashika mbavu. Nesi hakucheka. "Hii ni ya mwili wa mama. Ya wanaume bado haijatoka. Bibi yako amekaa bila kinga miezi miwili. Ameona mwezi wake?"

Sikujua. Nilikimbia Ngong Road na tai shingoni mpaka nyumbani, nikamuuliza hapo mlangoni. Akasema ameona juzi. Nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Akaniangalia sana. "Miaka saba tumekaa, sikujua unaogopa nife."

Kweli, sikuwa nimewahi kumwambia.

Nilirudi kwa yule nesi nikauliza kama kuna njia ya wanaume, ile ya kukatwa mshipa. Ilikuwako. Nikafungwa uzazi mimi, na Rasoa yuko hai mpaka leo, ananigombeza niache simu.

Msimeze dawa ya mwingine, vijana. Lakini ile ya wanaume ikifika chemist, nani atakuwa wa kwanza kwa laini? Semeni bila aibu. Na bibi yako, umeshamwambia unaogopa nini?