Familia Niliyoiandika Kwenye Fomu

Siku yangu ya kwanza kazini, mahakamani hapa Arusha mjini, mkuu wa wafasiri hakunionyesha hata kiti. Alinipa kadi tupu akasema, "Neno likifanana katika lugha tatu, lishuku." Basi kanipata! Mimi mtoto wa mtaa wa Daraja Mbili, hata maziwa ya jirani nayanusa kabla sijashukuru.

Ninyi vijana mnaotafsiri kwa simu hamjui kadi ya istilahi: neno moja, maana zake, safari yake kwenye lugha. Ya kwanza niliyojaza ilikuwa "familia". Wafaransa famille, Wajerumani Familie, Waingereza family, sisi tukalibeba karibu lilivyo. Asili ni Kilatini, na huko Roma lilihesabu watumishi wa nyumba kabla ya wengine. Mkuu akatoa amri: shahidi akisema familia, usitafsiri mpaka ataje majina. Mfugaji mmoja alitaja mke, watoto na mchunga ng'ombe wake. Nilimuuliza mara mbili, nikihisi ananichezea.

"Anakula kwangu, akiumwa anauguzwa kwangu," akajibu. Nikawaandika wote.

Wakuu watatu walikuja wakaondoka, mimi na kadi zangu tukabaki. Nyumbani Olasiti nilikuwa na Anna, dada wa kazi kutoka Kikatiti. Alinilelea watoto wote wanne. Nilimpenda, lakini kabati la sukari nililifunga, ufunguo nikaulalia. Ndivyo nilivyo.

Nilipostaafu ikaja fomu ya bima ya matibabu: taja familia yako. Nikaandika mume na watoto bila kusita. Anna alikuwa anafuta meza. Akaisoma, akauliza taratibu, "Mama, mimi ni wa familia ya nani?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi tu. Huenda kweli wasingemkubali, lakini sikuuliza. Akasema sawa, na wiki ile ile akaaga, akarudi kwao. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kwa kuhesabu vijiko. Hakikupungua hata kimoja.

Mwezi haukuisha, upweke wa nyumba bila Anna ukanishinda. Nikamfuata Kikatiti kumwomba radhi. Nilimkuta anachambua maharage na mama yake. Akanyanyuka, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote, akanipangusia kiti. Mama yake akamuuliza mgeni huyu ni nani.

"Ni bosi wangu wa zamani," Anna akasema, akaingia jikoni kunichemshia chai.