Kuku Mweupe Mwenye Upindo Mweusi

Mke mwenzangu alinipa kuku yule alipohamia kwa mwanawe Mpuguso, baada ya sisi wawili kumzika mume wetu. Alikuwa mweupe, lakini kila unyoya, hata wa shingoni, ulizungushiwa upindo mweusi mwembamba, kama vile mtu alikaa na sindano akapinda mmoja mmoja. Mbegu ile mwanawe aliileta kutoka Mbeya. Na kwetu, ukipewa kuku wa kufuga, binti yake mmoja hurudi alikotoka. Hilo halina kuandikiana.

Mwaka uliofuata kideri kikaingia Mpuguso, kikafagia banda lake lote. Akanipigia simu.

"Gwe, sina hata unyoya wa kusafishia sikio. Binti yangu yuko wapi?"

Binti hakuwepo. Jogoo wangu nilimnunua kwa mzee mmoja wa Makandana, mfanyabiashara apendaye kuku wa urembo. Alikuwa na upindo mweusi uleule, ila mwili wake mwekundu kama chai ya rangi. Nikasema hawa wameshonwa na fundi mmoja, watazaa vizuri. Kumbe! Mitetea wote walitoka wekundu kama baba yao. Weupe walikuwa majogoo tu. Nikangoja uzao wa pili, yakawa yaleyale.

Na sisi jogoo ni wa mgeni. Akaja mchungaji, tukachinja mweupe. Akaja mkwe, tukachinja mweupe. Mitetea wekundu nikawatunza, nikingoja weupe urudi kupitia kwao.

Shule niliishia darasa la pili, lakini kuku wangu nawajua mmoja mmoja, na mama zao, na bibi zao. Asubuhi moja ya mvua nimekaa jikoni nawapanga kichwani, nani kazaa nani, ndipo nikaona. Mtetea rangi hii haichukui kwa mama, anaichukua kwa baba. Mama humpa mwanawe wa kiume. Basi weupe niliokuwa nautafuta, nilikuwa nautia chunguni kwa mkono wangu mwenyewe.

Alibaki jogoo mweupe mmoja. Mama yake naye alishazeeka, anataga leo, kesho anapumzika.

Wiki hiyohiyo mke mwenzangu akaja kunitembelea. Nikampikia mbalaga, ndizi zilizochanganywa na maharage. Akachungulia sahani, akageuka kumtazama jogoo aliyekuwa akiparua uani.

"Nimetoka Mpuguso na magoti haya, unanipa maharage? Yule pale ni sanamu?"

"Yule ni baba wa binti yako."

"Binti gani? Mwaka wa pili huu unaniimbia wimbo huohuo."

Nikamkamata jogoo, nikamwekea mapajani, nikamfunulia manyoya. Kila moja lilikuwa jeupe lenye upindo. Begani tu palikuwa na wekundu kidogo, kama kutu.

"Huyu nampeleka kwa mama yake," nikamwambia. "Akizaa naye, tutapata mitetea weupe."

"Kwa mama yake! Mwanamke mtu mzima, mshirika wa kanisa, huoni haya?"

"Haya waone wao. Wewe kula."

Alicheka mpaka maharage yakampalia. Lakini aliyamaliza, na jogoo akabaki hai.

Kuku mzee aliatamia mayai manane, wakatoka vifaranga sita. Niliwalaza karibu na mafiga kwa ajili ya baridi, nikangoja manyoya ya kitoto yaondoke. Mitetea walikuwa watatu: wawili weupe, mmoja mwekundu. Huyo mwekundu alinishangaza, hadi nilipokumbuka ile kutu ya begani. Rangi ya babu yake ilikuwa imejificha mle ndani ya jogoo muda wote.

Kati ya wale wawili weupe, mmoja upindo wake ulimwagika kidogo mgongoni. Huyo nikabaki naye. Aliye safi nikamtia kwenye kikapu, nikampeleka Mpuguso.

Mke mwenzangu alimgeuza, akampuliza kifuani manyoya yakaachana, akaangalia na mkiani.

"Ndiye," akasema. Akamkumbatia. "Na jogoo mweupe unaniletea lini? Hapa kwa jirani wapo wekundu tu, na mimi sitaki kuhangaika miaka miwili kama wewe."